Mageuko kwenye sintesaiza: sauti zikigoma, kosa litafute hapa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana programu inayozalisha sauti kwa njia ya mageuko, ila haimpi anachokitaka. Utaratibu wenyewe unajulikana. Kila sauti ni orodha ya namba: masafa ya osileta (kasi ya mtetemo ya kile kinachozalisha wimbi), uwazi wa filta (kichujio cha masafa), kasi ya enivelopu (jinsi mlio unavyopanda na kufifia) na mengineyo. Orodha hiyo ndiyo jeni zake. Unaanza na kundi la sauti za kubahatisha, unazipa alama, zilizofanya vizuri zinazaa. Namba za wazazi wawili zinachanganywa, chache kati yake zinaguswa bila mpango (hiyo ndiyo mutesheni), na kizazi kipya kinapimwa upya.

Njia hii ni ya siku nyingi na inafanya kazi. John Holland alichapisha misingi ya algoriti za kijenetiki (ndilo jina lake la kitaalamu) mwaka 1975. Mwaka 1993 Andrew Horner, James Beauchamp na Lippold Haken walionyesha kwamba inaweza kutafuta namba za sintesisi ya FM (osileta moja kutikisa masafa ya nyingine) hadi mtambo utoe mlio unaokaribia ala halisi. Kwa hiyo ikikukatalia wewe, kuna mahali pamelegea, na mahali penyewe hupatikana.

Vijana wanaokuja na laptopu zao hapa Mwanga, Kigoma, karibu wote huanza kwa kuongeza au kupunguza mutesheni. Naelewa kwa nini: ndiyo nobu iliyo karibu na mkono. Mimi huiacha mwisho. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye kupima. Programu imeambiwa itafute kitu ambacho si kile unachokisikia kichwani mwako, nayo imekitafuta kwa uaminifu mkubwa.

Kabla ya kugusa chochote

Fanya majaribio mawili. La kwanza: kaa kwenye sintesaiza yako, weka namba zozote, rekodi mlio wake, kisha ipe programu mlio huo kama lengo. Sauti hiyo hakika inawezekana, maana imetoka kwenye mtambo huo huo. Programu ikishindwa kuikaribia, tatizo liko kwenye kipimo au kwenye jinsi ulivyopanga jeni. Ikiiweza hiyo, halafu ikashindwa honi ya treni uliyoirekodi pale stesheni, basi ama mtambo wako hauna uwezo wa kutoa honi ile, ama rekodi ni chafu. Katika jaribio hili hukumu kwa sikio, usidai namba zirudi kama ulivyoziweka. Kwenye FM hasa, orodha mbili zisizofanana hata kidogo zinaweza kutoa mlio mmoja.

La pili watu hawalipendi. Kama kundi lako ni la sauti 100 na unakwenda vizazi 200, programu inapima sauti 20,000. Basi zalisha sauti 20,000 za kubahatisha tupu, bila wazazi, bila mchujo, uchukue iliyopata alama ya juu. Ikilingana na ile ya mageuko, mageuko yako ni pambo. Hapo hakuna haja ya kurekebisha mutesheni ya kitu ambacho hakifanyi kazi yoyote.

"Alama zinapanda, sauti inazidi kuharibika"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Angalia programu inalinganisha nini na nini. Kama inachukua wimbi la lengo na wimbi la mtoto kisha inatoa moja kwa jingine, sampuli kwa sampuli (sampuli ni kipimo kimoja cha wimbi kwa nukta moja ya wakati), umeshapata jibu. Chukua toni safi ya hezi 440, uicheleweshe kwa milisekunde 1.14, yaani nusu ya mzunguko wake. Sikio halioni tofauti yoyote. Hesabu inaona mlima wa wimbi moja umekaa kwenye bonde la jingine, na tofauti inayotoka ni mara mbili ya wimbi lenyewe. Ukimya mtupu ungepata tofauti ya mara moja tu. Yaani kwa kipimo hicho, kunyamaza kunalipa kuliko kupatia. Programu itajifunza kunyamaza, na grafu ya alama itapanda vizuri sana huku spika zikikaa kimya.

Dawa ni kulinganisha spektra, siyo mawimbi. Kata sauti vipande vipande, kila kipande utazame nguvu iliyoko kwenye kila masafa, na nguvu hizo uziweke kwenye skeli ya desibeli, maana sikio husikia kwa uwiano. Ukubwa wa dirisha la kukatia una maana yake. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, dirisha la sampuli 2,048 ni kama milisekunde 46, na linatenganisha masafa kwa hatua za hezi 21.5 hivi. Linafaa kwa mlio mrefu wa honi. Kwa ngoma halifai, kwa sababu lile pigo la kiganja kwenye ngozi limeshapita kabla dirisha halijafunga. Kwa mapigo tumia pia dirisha la sampuli 256, ambalo ni kama milisekunde 6, kisha ujumlishe alama za madirisha yote mawili. Mtu akikwambia "enivelopu zake zimelegea, hazina ngumi," nenda moja kwa moja hapa.

Ila hata kwenye spektra mtego wa ukimya haujaisha. Lengo lina nguvu kwenye hezi 440, mtoto anatoa kwenye hezi 500. Anakatwa alama mara mbili: kwa kukosa 440 na kwa kuzidisha 500. Aliyenyamaza anakatwa mara moja. Kwa hiyo kizazi kwa kizazi sauti zinapungua, zinapungua, mpaka zinakuwa mnong'ono. Ukiona hivyo, sawazisha ukubwa wa sauti zote mbili kabla ya kulinganisha, na sauti iliyo chini ya kiwango fulani uitupe nje ya mchujo moja kwa moja. Zaidi ya hapo, usiiache programu itafute noti. Noti unaijua. Ifunge, na uache mageuko yatafute uwiano wa osileta na rangi ya mlio peke yake. Hatua hiyo moja huondoa mateso mengi.

Wengine wanatumia MFCC, kipimo kinachobana spektra kuwa namba chache, mara nyingi 13, kwa kufuata mizani ya sikio. Ni kipimo kizuri cha rangi ya sauti, lakini kwa kiasi kikubwa kinapuuza noti. Dalili yake: mlio unafanana kabisa na lengo kwa rangi, halafu unalia noti ya jirani. Hapo hakuna kilichoharibika. Pima noti kando, au uifunge kama nilivyosema.

Sababu nyingine haiko kwenye programu kabisa. Iko kwenye rekodi ya lengo. Mtu anakwenda Kibirizi asubuhi, mitumbwi ya dagaa inarudi, anataka muungurumo wa injini ya boti uwe besi ya wimbo wake. Wazo zuri. Anarekodi kwa simu, upepo wa ziwa unapuliza kwenye maiki, wachukuzi wanaitana, simu nayo inapandisha na kushusha sauti yenyewe bila kuulizwa. Programu haijui kwamba wewe ulitaka injini. Upepo una nguvu nyingi chini kule kule iliko injini, kwa hiyo itatumia osileta moja kuigiza upepo, na kwa haki yake itapata alama. Kata kipande cha nusu sekunde ambapo injini inasikika peke yake, chuja vilivyo chini ya masafa ya injini, funga kile kinachojipandisha sauti chenyewe kama simu inaruhusu. Na voisi noti isitumike kama lengo. Imebanwa, sehemu ya juu ya spektra haipo, na programu itakuletea mlio uliozibwa pua ukidhani ni filta.

Jambo la mwisho hapa nalichukua kwa wale watatu wa 1993. Hawakuyaachia mageuko kila kitu. Mageuko yalitafuta masafa ya kubeba (ya osileta inayotikiswa) na vielezo vya modulesheni (ukubwa wa kutikiswa huko). Viwango vya nguvu vya kila sehemu vilikokotolewa moja kwa moja kwa hesabu ya miraba midogo kabisa (least squares), inayotoa kosa dogo kuliko yote. Kile kinachoweza kukokotolewa, kikokotoe. Kila jeni unayoitoa kwenye mchezo inapunguza eneo la kutafuta: parameta 10 tu, kila moja ikiwa na thamani 128 kama zile za MIDI (lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki), zinafanya michanganyiko inayozidi bilioni mara bilioni mia kumi.

"Kila mtoto anayezaliwa ni kelele"

Kundi la kwanza likiwa kelele tupu, usishangae sana, lakini angalia filta. Wengi wanaandika uwazi wa filta kama namba ya kubahatisha kati ya hezi 20 na 20,000. Kati ya namba hizo mbili kuna oktava kumi hivi. Ukibahatisha kwa hezi za kawaida, nusu ya sauti zako zote zinaangukia juu ya hezi 10,000, yaani ndani ya oktava moja ya mwisho, huku oktava zote ambamo muziki unaishi zikigawana nusu iliyobaki, na besi ikipata makombo. Bahatisha kwa oktava. Vivyo hivyo kwa muda wa enivelopu: kutoka milisekunde 5 kwenda 10 ni badiliko kubwa, kutoka 1,005 kwenda 1,010 hakuna atakayelisikia.

Kwenye FM kuna sababu ya pili. John Chowning alipochapisha sintesisi hiyo mwaka 1973 alitoa mfano wa kengele: masafa ya kubeba hezi 200, ya modulesheni hezi 280. Masafa ya pembeni yanazaliwa kwa kujumlisha na kutoa 280 mara moja, mara mbili, mara tatu. Unapata 480, 760, na upande wa pili 80 iliyogeuzwa, na kuendelea. Hazigawanyiki vizuri, ndiyo maana inalia kama chuma kilichogongwa. Kwa hiyo jeni ya uwiano ikiachwa iwe desimali yoyote, karibu kila mtoto atakuwa kengele au bati. Kama unataka sauti zenye noti inayoimbika, ruhusu uwiano wa namba nzima ndogo ndogo: 1 kwa 1, 1 kwa 2, 3 kwa 2. Ukitaka bati, fungua desimali.

Ya tatu ni masafa kukunjika. Masafa ya kubeba hezi 2,000, ya modulesheni 6,000, kielezo 5: pembeni zenye nguvu zinafika hezi 38,000. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, mwisho wa uwezo ni 22,050, na kile cha 38,000 kinarudi chini kikitokea kwenye 6,100, ambako hakikualikwa. Mlio unakuwa na mchanga. Weka kikomo cha kielezo kinachopungua kadiri masafa ya modulesheni yanavyopanda, au zalisha kwa sampuli mara mbili kisha uzishushe.

Kama kundi la kwanza lilikuwa zuri na kelele imeanza kwenye watoto, basi tazama namna unavyochanganya wazazi. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, na programu za bure zinazoiiga kama Dexed, ina opereta 6 (osileta zenye enivelopu zake) na mipangilio 32 ya kuziunganisha. Ukikata orodha ya jeni katikati ya opereta, mtoto anarithi masafa ya baba na enivelopu ya mama kwenye kiungo kimoja, na viungo hivyo havijuani. Kata kwenye mipaka ya opereta. Namba ya mpangilio yenyewe usiiguse kila mara, kwa sababu kutoka mpangilio wa 4 kwenda wa 5 si hatua ndogo. Hizo ni lebo tu, jirani zake kwa namba si lazima ziwe jirani zake kwa sauti.

Na kama uliandika jeni kwa biti za 0 na 1, kumbuka kwamba 127 ni 01111111 na 128 ni 10000000. Namba zinafuatana, biti zote nane zimegeuka. Tumia msimbo wa Gray, ambao namba zinazofuatana hutofautiana biti moja tu, au bora zaidi tumia namba za desimali na uachane na biti.

"Kundi zima limekuwa sauti moja"

Kwanza hakikisha ni kweli. Kuna kufanana kwa jeni na kuna kufanana kwa sauti, na havitembei pamoja. Opereta ambayo kiwango chake kimeshuka sifuri bado ina jeni kibao za enivelopu na masafa, zote zinabadilika kizazi kwa kizazi, hakuna anayezisikia. Ukipima tofauti kwa jeni utaambiwa kundi lina afya. Pima kwa spektra.

Kama kweli zimefanana, mchujo wako ni mkali mno kwa ukubwa wa kundi. Ukichagua mzazi kwa mchuano wa sauti saba saba katika kundi la 30, sauti moja iliyopata bahati mapema inazaa karibu nusu ya kijiji. Shusha mchuano uwe wa mbili mbili, ongeza kundi, ingiza wageni wachache wa kubahatisha kila kizazi. Waliohifadhiwa bila kuguswa wawe mmoja au wawili, si kumi.

Lakini nauliza: unatafuta sauti moja iliyo bora, au unataka kujua mtambo wako una nini ndani? Watengeneza midundo wengi wanataka la pili na wanatumia zana ya la kwanza. Kwa kuchunguza, Joel Lehman na Kenneth Stanley walipendekeza kuzawadia upya wenyewe: sauti inapata alama kwa kutofanana na zilizokwishapatikana. Mwaka 2015 Jean-Baptiste Mouret na Jeff Clune wakaja na MAP-Elites. Unachora jedwali, tuseme mng'ao wa sauti kwa upande mmoja na urefu wa kufifia kwa upande mwingine, na kila chumba cha jedwali kinabaki na sauti yake bora. Unamaliza ukiwa na ukuta mzima wa sauti zisizofanana, nyeusi na nene pembe hii, fupi na kali pembe ile. Kwa kazi ya studio naipenda hii kuliko mshindi mmoja.

"Masikio yamechoka kabla sauti haijapatikana"

Hii inawahusu wanaochagua kwa sikio badala ya kumpa kompyuta lengo. Colin Johnson alifanya hivyo mwaka 1999 kwa kutumia Csound (lugha ya programu ya kutengeneza sauti), Palle Dahlstedt akatengeneza programu ya MutaSynth, na kazi yake ikaingia kwenye sintesaiza ya Nord Modular G2. Mapitio ya Hideyuki Takagi ya mwaka 2001 yanalitaja wazi tatizo la uchovu wa binadamu. Karl Sims mwaka 1991 alikuwa na nafuu: alizalisha picha, na picha ishirini unazitazama kwa mpigo mmoja. Sauti lazima uzisikilize moja baada ya nyingine. Sauti 12 za sekunde mbili mbili kwa vizazi 20 ni dakika nane za kusikiliza bila kurudia hata moja, na hakuna mtu asiyerudia.

Uchovu una dalili zake: chaguo linaanza kwenda kwa sauti ya kwanza au ya mwisho, au kwa ile iliyo kubwa. Kijana mmoja mwimbaji alikaa hapa akichagua mlio wa kiitikio, kila raundi akinyooshea kidole ile ile yenye ngumi. "Kaka, hii ndiyo yenyewe, nyingine zimepoa." Nikazisawazisha zote ziwe na ukubwa mmoja, nikachanganya mpangilio, nikampigia tena bila kumwambia. "Hapo... rudia ya tatu." Ya tatu ilikuwa ile nyembamba yenye hewa ndani, ambayo alishaikataa mara zote. Ile yenye ngumi hakuitaja tena. "Mdogo wangu," nikamwambia, "wewe ulikuwa unachagua volyumu." Akacheka, akaomba tuanze upya.

Kwa hiyo: sawazisha ukubwa kila kizazi, changanya mpangilio, usiombe alama 1 hadi 10. Hakuna anayejua tofauti ya 6 na 7 baada ya nusu saa. Weka vitufe viwili, "baki" na "toka". Kundi liwe la sauti 8 mpaka 12. Zinazofanana mno kompyuta izitoe kabla hazijakufikia.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu havilitaji. Umeme ukikatika tunawasha jenereta, na kazi inaendelea. Jenereta ndogo ya petroli ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hulipua mafuta mara 25 kwa sekunde, na muungurumo wake unakaa kwenye hezi 25, 50, 75, 100. Hapo hapo ndipo besi inapokaa. Sikio lililofunikwa huko chini linadhani sauti haina besi, kwa hiyo unachagua zenye besi, kizazi baada ya kizazi. Usiku jenereta ikizimwa unashangaa nani kaweka matope yote haya. Mvua kwenye bati hufanya kinyume chake, inafunika juu, na unajikuta umezalisha sauti zinazochoma. Hedifoni zinazoziba masikio zinapunguza, haziondoi. Ukiweza, chagua wakati wa utulivu. Vizazi vya kwanza vya kuchuja takataka unaweza kuvifanya hata na jenereta, vya mwisho hapana.

"Inachukua usiku kucha, na umeme ukikatika inaanza upya"

Zile sauti 20,000, kila moja sekunde mbili, zikichezwa kwa mwendo wa kawaida ni saa 11. Zisichezwe. Zizalishwe moja kwa moja kwenye faili au kwenye kumbukumbu, haraka kadiri prosesa inavyoweza. Vizazi vya mwanzo vifanye kwa sampuli 22,050 na urefu wa nusu sekunde, ukiongeza ubora pale kundi likishatulia. Sauti ambayo jeni zake zimeshapimwa isipimwe tena. Na kila kizazi kinapokwisha, programu iandike kundi zima kwenye diski pamoja na namba mbegu ya bahati nasibu (inayowezesha kurudia bahati ile ile). Faili la kundi la sauti 100 ni dogo mno kuogopa.

"Jana ililia hivi, leo inalia vile"

Zalisha jeni zile zile mara mbili, toa wimbi moja kwa lingine. Jibu lisipokuwa sifuri, kuna kitu ndani ya mtambo kinachojiendea: osileta zinazoanza popote kwenye mzunguko, LFO (osileta ya polepole inayotikisa mlio) isiyorudi mwanzo noti ikipigwa, jenereta ya kelele. Kibaya zaidi ni mkia wa sauti iliyotangulia, rivabu (mwangwi) au enivelopu ya mwisho ndefu, unaoingia kwenye kipimo cha sauti inayofuata. Mtoto anapewa alama za kaka yake. Weka upya mtambo kila sauti, acha ukimya katikati, zima rivabu wakati wa kupima. Kama mtambo wenyewe una nasibu ambayo huwezi kuifunga, pima kila sauti mara tatu uchukue wastani, na ukubali mwendo utapungua.

"Noti moja tamu, zingine zote hazisikiki vizuri"

Ulipima kwenye noti moja. Pima kwenye tatu, chini, kati na juu, na kwa mguso mwepesi na mzito, kisha alama ya sauti iwe ile mbaya kuliko zote, siyo wastani. Wastani huficha noti mbovu.

"Imefika karibu, haimalizi"

Vizazi vinapita, alama inatambaa, sauti iko pale pale ikipungukiwa na kitu kidogo. Sasa ndiyo zamu ya mutesheni. Kubwa inayofaa mwanzoni inakurusha mbali kila ukikaribia. Ipunguze taratibu kadiri vizazi vinavyosonga, au tumia CMA-ES, aina nyingine ya mageuko ambayo hujifunza yenyewe ukubwa na mwelekeo wa hatua. Kama unachagua kwa sikio, funga jeni za kile ulichokwisha kukipenda. Shambulio la mlio (mwanzo wake) limekaa sawa? Funga enivelopu, acha filta na kielezo vitembee.

Na kama kilichobaki ni "ifungue juu kidogo tu," zima programu, shika nobu ya filta kwa mkono.